Barua Alizopokea Mzee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuanze kufungua masanduku ya Mzee hapa Pasiansi, Mwanza, wageni, wanafunzi na ndugu wa mbali wanatuuliza mambo yale yale. Nimeyaandika pamoja na majibu yake, ili anayepanga kuja ajue anakuja kuona nini. Ninayeandika ni mjukuu wake. Nilianza kumsomea barua hizi mwaka 1991 nikiwa darasa la sita, macho yake yalipoingiwa na mtoto wa jicho, na niliendelea hadi alipofariki mwaka 2001. Nikisema "sisi", ni ukoo.

Mzee ni nani, na mbona hamtaji jina lake?

Alikuwa mbunge, baadaye naibu waziri, kisha akastaafu na kurudi nyumbani mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais. Jina lake limo kwenye rejesta yetu na ukija utaliona. Hapa hatuliweki kwa sababu baadhi ya barua zinahusu mashamba ambayo mpaka leo yako barazani. Kijijini, ukishajua nani aliandikiwa, hukawii kujua nani aliandika. Walioandika walimwita Mzee, na Wasukuma wengine walianza na "Namhala", kwa hiyo nasi tunamwita hivyo hivyo.

Kwa hiyo hizi si barua za Mwalimu?

Hapana. Nyaraka za waasisi wa taifa, yaani Mwalimu Nyerere na Mzee Karume, zina sheria yake ya mwaka 2004. Kama una kitu cha Mwalimu, usituletee sisi.

Ni barua za wakubwa?

Wengi huja wakitarajia hivyo, na nawaona wanavyoishiwa hamu tunapofungua sanduku la kwanza. Za wakubwa zipo: kadi za mwaka mpya, mialiko ya sherehe, rambirambi alipofiwa na Bibi. Zote zinaenea kwenye bahasha moja. Zilizobaki, masanduku matatu ya bati na gunia moja la katani, zimetoka kwa watu wa Ukerewe, Magu, Kwimba, Sengerema, Geita, na wengine wa hapa hapa mjini, Igogo, Mabatini na Kirumba. Ni watu waliopiga hodi kila ofisi, na walipokosa pa kwenda wakakumbuka kwamba yule mzee bado yu hai.

Fungu kubwa ni la waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Mwanza ilibaki na watu wa reli, wa bandari, wa meli na wa posta ambao mafao yao yalikuwa yamefungwa kwenye hesabu za nchi tatu. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, na kila nchi ikachukua jukumu la kulipa watu wake, lakini kutoka saini hadi fedha mkononi ni safari nyingine. Kuna fundi mmoja wa meli aliyeandika mara tatu kwa muda wa miaka kumi na miwili. Barua ya kwanza ina mwandiko ulionyooka kama wa karani, na ameambatisha nakala ya kitambulisho chake cha kazi. Ya pili herufi zimeanza kutetemeka. Ya tatu imeandikwa na binti yake, na chini fundi mwenyewe ameweka kidole gumba, yeye aliyekuwa anajua kusoma na kuandika. Ukiziweka tatu hizo mezani kwa mstari, huhitaji kuelezwa zaidi.

Fungu la pili ni la mahame. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya katikati ya 1970, watu walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili wakapelekwa vijiji vipya, na ardhi zao wakapewa wengine au zikabaki pori. Miaka ya 1980 na 1990 wengi walitaka kurudi. Wakamkuta mtu amejenga, amezika wazazi wake hapo, na ana karatasi ya kijiji. Nani mwenye haki? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 baadaye ilithibitisha ugawaji uliofanywa enzi za Operesheni, lakini barua nyingi ziliandikwa kabla yake. Wengine wamechora ramani kwa penseli: mwembe huu, jiwe hili, kaburi la bibi, njia ya ng'ombe kwenda lamboni. Ramani hizo nazipenda kuliko kitu chochote kilichomo masandukuni, na nasikitika kila ninapoona penseli imefifia.

Kisha kuna za pamba, ada za shule, kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi, mashauri ya ndoa (ndiyo, hata ndoa), na za salamu tupu zisizoomba chochote. Za salamu alikuwa ananirudisha nizisome mara mbili.

Zilifikaje kwake?

Nchi yetu wengi hatuletewi barua mlangoni. Mzee alikuwa na sanduku la posta mjini, na mjomba alilipitia kila Jumatatu na Ijumaa. Asiye na sanduku aliazima la shule, la misheni au la chama cha msingi, ndiyo maana anwani nyingi zinaanza na "K.K. Mwalimu Mkuu". Za Bukoba na Ukerewe zilivuka ziwa kwa meli. Nyingi hazikupita posta kabisa: zimeandikwa pembeni mwa bahasha "kwa hisani ya" kondakta, au baharia, au mama muuza dagaa aliyekuwa anakuja Mwaloni Kirumba. Hizo hazina muhuri, na kama mwandishi hakuweka tarehe tunabaki kukisia kutokana na yaliyomo.

Kwa nini zinafanana namna zilivyoanza?

Kwa sababu shuleni tulifundishwa namna moja ya kuandika barua, na watu waliishika. Juu kulia anwani na tarehe. Katikati "YAH:" na jambo lenyewe kwa herufi kubwa, lililopigiwa mstari. Za ofisini huisha na "Wako katika ujenzi wa taifa". Za kindugu huanza na salamu ndefu: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Za miaka ya 1980 zinasema "Ndugu", na kadiri miaka ya 1990 inavyosogea "Mheshimiwa" inaingia, ingawa alikuwa hana cheo tena. Wakatoliki wanaanza na "Tumsifu Yesu Kristu", Waislamu na "Assalaam aleikum". Asiyejua kuandika alimtuma mtoto wa shule, na unaona pale mtoto alipochoka: sentensi zinakuwa fupi na sahihi inakuja ghafla.

Ombi kwa wanafunzi: msiziruke salamu mkadhani habari inaanzia kwenye "dhumuni la barua hii". Kwenye salamu ndiko mtu anakotaja nani kafa, mvua imeanza lini na ng'ombe wamebaki wangapi.

Je, alijibu zote?

Alijaribu. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu lake limo kwenye kopo la Kimbo lililoko juu ya kabati.

Mtu mwungwana wa zama zile akiandika barua ya kuomba aliweka ndani stempu ya majibu, ili asimtie mwenziwe gharama. Wengine waliibandika pembeni kidogo tu, kwa ncha, ibanduke kirahisi. Mzee aliona stempu ile ni deni. Nikimaliza kusoma, aliniuliza, "Ameweka stempu?" Nikisema ndiyo, barua iliwekwa mkono wa kulia wa meza, na hao walijibiwa kwanza. Nikisema hapana, alinyamaza kidogo, kisha akasema huyu ndiye aliyekosa hata ya stempu, naye ikawekwa kulia. Mwisho wa siku mkono wa kushoto haukuwa na kitu.

Aliniambia maneno, nikaandika. Karibu kila jibu lilikuwa la namna moja: nimepata barua yako, nimekuelewa, sina tena mamlaka, lakini nimeandika kwa fulani na nakala hii hapa. Alikuwa na nakala za kaboni za barua hizo alizowaandikia wakuu wa wilaya na makatibu, na kwa bahati mbaya majibu ya wakuu ni machache mno. Iliniuma nikiwa mtoto na inaniuma hata sasa. Yeye hakuwalaumu. Alisema naye alipokuwa ofisini kuna barua alizozilalia.

Kopo la Kimbo ni la stempu za wale ambao hakuwahi kuwajibu. Miaka miwili ya mwisho alichoka. Nilikuwa namsomea anasinzia, nami nikabandua stempu nikaweka koponi, tukisema tutajibu kesho. Kila stempu nimeifungia kwenye kipande cha karatasi chenye namba ya barua yake.

Kuna kiongozi mwingine aliyeelemewa na barua uzeeni?

Wapo wengi, lakini ninayemtaja kwa wanafunzi ni Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kwa sababu yeye alihesabu. Alistaafu mwaka 1809 akarudi kwake Monticello, Virginia. Mwaka 1822, akiwa na miaka 79, alimweleza John Adams, rais wa pili, kwamba alifungua orodha yake ya barua akahesabu alizopokea ndani ya mwaka mmoja, mwaka 1820, akakuta 1,267. Nyingi zilidai majibu ya kufanyia utafiti. Adams naye mikono ilikuwa inatetemeka na macho yamefifia, akawa anasema na wengine wanaandika, wakiwemo wajukuu zake. Niliposoma habari hiyo niliwaonea wajukuu wale undugu wa ajabu. Wazee hao wawili walifariki siku moja, 4 Julai 1826.

Kuna tofauti mbili za kushika. Marais wastaafu wa kule walipewa haki ya kutuma na kupokea barua bila malipo, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kumwandikia Jefferson bila yeyote kati yao kutoa senti. Kwetu kila barua ilikuwa stempu, na stempu ilikuwa kibaba cha unga. Pili, muda wa Jefferson wa kukaa mezani ulitokana na jasho la watumwa waliolima shamba lake. Hilo halipaswi kuachwa nje anaposifiwa kwa bidii ya kuandika.

Jambo moja tumelichukua kwake moja kwa moja: orodha. Aliorodhesha kwa miaka zaidi ya 40 barua alizoandika na alizopokea, kwa tarehe. Rejesta yetu imepangwa hivyo.

Zilizomtukana mmezitoa?

Hatujatoa hata moja. Kuna aliyemwita msaliti wa wakulima, kuna aliyesema alikula na wenzake akawasahau waliompigia kura. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 alikuwa bungeni, na wakulima wa pamba hawakusahau hilo hata baada ya ushirika kurudishwa mwaka 1982. Alitaka nisome hizo kwa sauti ile ile niliyosomea nyingine. Nilikuwa narukaruka maneno, akajua, akaniambia nirudie.

Barua ipi imekugusa zaidi?

Si moja. Ni bahasha zilizokuja baada ya MV Bukoba kuzama, tarehe 21 Mei 1996, meli ikitokea Bukoba na ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Nilikuwa kidato cha nne.

Barua zilianza kuingia ndani ya wiki ile, nyingi kutoka Mkoa wa Kagera. Hazikuwa na salamu. Mtu ameandika jina la mwanawe, umri, nguo aliyovaa, na kama ana kovu. Mmoja alieleza kitenge chenye maua ya njano na jino la mbele lililokatika. Waliomba Mzee aende akawaulizie. Alikuwa haoni tena zaidi ya kivuli, lakini alivaa koti akasema twende. Alinishika bega, tukasimama kwenye foleni na watu wengine, nami nikasoma majina yaliyobandikwa, jina moja moja, kwa sauti ya chini sikioni mwake. Tulipata mawili. Wengine tuliwajibu kwamba hatukuwaona kwenye orodha. Tulijua kwamba wengi hawakuwahi kutambuliwa kabisa, lakini hilo hakutaka niliandike, maana mwenye kusubiri hukatiwa tamaa na ndugu aliye karibu naye, si na karatasi.

Barua hizo hatuzionyeshi ila kwa ndugu wa aliyeandika.

Baba yangu aliwahi kumwandikia Mzee. Naweza kuiona barua yake?

Unaweza, na wewe una haki kuliko mtafiti yeyote. Njoo na jina lake kamili, kijiji, na miaka unayokadiria. Tutakupa nakala. Asili inabaki hapa, isipokuwa kama ndani kuna cheti au picha ya familia, hivyo tunavirudisha.

Naweza kuzichapisha au kuziweka mtandaoni?

Si bila kuuliza. Watu wengi hudhani aliyepokea barua ndiye mwenye barua. Karatasi ni yake, lakini maneno ni ya aliyeyaandika. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ulinzi wa maneno hayo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na barua hizi zimejaa magonjwa, madeni na siri za nyumba. Nje ya sheria kuna amana. Mtu alimwandikia mzee mmoja aliyemwamini. Hakuandikia umma.

Karatasi zilizokuwa za serikali tulizikuta kama faili mbili. Kumbukumbu za umma hazikai majumbani, tumezirudisha.

Nina sanduku la barua za babu yangu. Nizitunzeje?

Anza kwa kuliinua kutoka sakafuni, leo hii kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mchwa huanzia chini. Sanduku letu la nne tuliliweka stoo juu ya udongo, na tulipolifungua tulikuta kingo za karatasi na katikati matope makavu. Hatujui hata lilikuwa na za miaka gani.

Huku ziwani adui wa pili ni unyevu. Usiweke karatasi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, jasho la ndani huleta ukungu. Ukikuta zimelowa, zitandaze kivulini zipate hewa, usizianike juani, maana jua hula wino. Toa pini na stepo zenye kutu taratibu, na bendi za mpira zitupe zote. Usitumie selotepu kuunga palipochanika, wala usipeleke barua kulaminetiwa hata kama mwenye duka amekushauri. Ikishapita kwenye mashine ile huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Namba andika kwa penseli laini, nyuma, kwenye kona. Bahasha usitupe: muhuri wa posta ndio unaokupa tarehe na mahali.

Picha za simu zinatosha sana kwa kuanzia. Keti karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera, piga barua ikiwa imelala bapa, mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu. Kisha peleka nakala ya picha kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Na usizipange upya kwa haraka. Mzee alikuwa amefunga baadhi kwa utepe, na ilituchukua muda kuelewa kwamba kila fungu ni shauri moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Mawili tulishayachanganya kabla hatujagundua.

Kuna barua mlizoazimisha zikapotea?

Ndiyo. Mgeni mmoja alichukua fungu la barua za wafanyakazi wa meli kwa ahadi ya wiki mbili. Hatukuandikishana. Tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka nje ya nyumba, na hata ukiwa shemeji yetu usikasirike ukiambiwa hivyo.

Nina jibu alilomwandikia bibi yangu. Mnalihitaji?

Mno. Tulichonacho ni upande mmoja wa mazungumzo. Majibu yalikwenda Nansio, Ukara, Misungwi, Nyang'hwale, yakawekwa ndani ya Biblia, chini ya godoro, kwenye mkoba wa hati za shamba. Lenye mwandiko wa mtoto wa shule, wenye herufi za "g" zenye mkia mrefu kupita kiasi, ni langu. Hatuombi karatasi, tunaomba picha tu, na tutalioanisha na barua lililoijibu. Likiwa ni la yule fundi wa meli, nipigiwe hata usiku.

Baada ya kufariki kwake barua ziliendelea kuja?

Ziliendelea kwa muda mrefu, maana habari ya msiba haifiki kila kisiwa. Ukoo ulikaa kuamua kama zifunguliwe. Tuliona zenye anwani zirudi kwa wenyewe zikiwa zimefungwa, pamoja na karatasi ya kuwaarifu. Zisizo na anwani zimo kwenye bahasha ya kaki, hazijafunguliwa.

Je, anwani yake bado inatumika?

Sanduku la posta tunalilipia kila mwaka. Mara nyingi ninakuta matangazo na bili. Mwaka juzi nilikuta barua kutoka Ukerewe, mwandiko wa mtu mzima, imeanza na "Shikamoo Mzee", na ndani yake stempu. Nilimjibu juma lile lile.